Kipima unyevu cha bei nafuu kinapokuchanganya

Mteja alinitumia picha WhatsApp bila salamu. Mtu wa kwetu akiruka salamu, ujue lipo jambo. Ilikuwa picha ya meza ya mtiki niliyomtengenezea miezi minne nyuma, ikasafiri kwa lori kutoka karakana yangu Keko, Dar es Salaam, hadi nyumbani kwake Dodoma. Ubao mmoja wa juu ulikuwa umepasuka kuanzia kichwani kuja katikati, na ufa wenyewe ungemeza sarafu ya shilingi mia ukiisimamisha.

Kilichoniuma ni kwamba nilipima. Kabla sijagusa randa nilizichoma mbao zote sindano za kipima, nikapata 12, 12, 13, 12. Basi lawama nikakitupia kipima kwa kuwa ni cha bei rahisi, nikaanza kuulizia vile vya laki kadhaa. Lakini kabla sijatoa hela nikachukua kipande kilichobaki cha mbao zilezile, nikakikata katikati kwa msumeno, nikachoma sindano palepale penye mkato mpya. Kikasoma 16. Kipima kilekile. Sindano zake zina urefu wa milimita 6, ubao ulikuwa wa inchi mbili. Siku ile kilinipa unyevu wa ngozi, mimi nikauchukua kuwa wa mwili mzima.

Tangu hapo, fundi mwenzangu akija kuniuliza anunue kipima gani, namuuliza kwanza alichonacho kinamsumbua nini. Mara nyingi hatufiki kwenye kununua. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio huohuo wa dalili, na habari za kununua nimeziacha mwisho. Namba zote nitakazotaja ni asilimia ya uzito wa mti mkavu kabisa: ukiambiwa ubao una 12, maana yake kila kilo 100 za mti mkavu zimebeba kilo 12 za maji.

Namba haina maana kabisa, iwe mbao gani

Hili tulimalize upesi. Kariakoo ukisema "kipima unyevu" unaweza kupewa vitu vinne tofauti: cha udongo wa bustani, cha nafaka, cha hewa ya chumbani, na cha mbao. Cha udongo kina mchomo mmoja au miwili mirefu kama kijiti cha mshikaki na mshale unaocheza, na kwenye ubao hakikufai kitu. Cha mbao kina sindano mbili fupi kali zilizo karibu karibu, au hakina sindano ila bamba bapa mgongoni.

Kama ni cha mbao kweli, angalia kioo. Vingi vya bei ya chini vina alama ya mti na alama ya tofali. Kikiwa kwenye tofali kinasoma kwa kipimo cha plasta na zege, na kidole huweza kubonyeza kitufe hicho bila mwenyewe kujua. Fundi mmoja alihangaika na mbao zake wiki mbili nzima, kumbe tatizo lilikuwa tofali.

Kinasoma 0, au kimya, kwenye ubao mkavu

Kipima cha sindano hakioni maji. Kinapitisha umeme mdogo sana kutoka sindano moja hadi nyingine na kuangalia ubao unaupinga kiasi gani. Mti mkavu unauzuia, mti wenye maji unaupitisha. Ugumu ni kwamba upinzani huo haupandi kwa ngazi sawa. Kwa mti wa Marekani wa jamii ya msonobari uitwao Douglas fir, ambao vipima vingi vimepangwa kwa kuufuata, ubao wenye unyevu wa 20 una upinzani wa megaomu 2 hivi (megaomu ni kipimo cha upinzani wa umeme). Ukikauka hadi 12 unafika megaomu 120. Ukifika 7 ni zaidi ya megaomu 20,000, na huko hata chombo cha bei kubwa kinapapasa. Kwa hiyo kikiandika 0 au kikae kimya kwenye ubao uliokaa muda mrefu kwenye chumba chenye kiyoyozi, huenda hakijaharibika. Umefika chini ya uwezo wake, ambao kwa vingi ni 6 au 7.

Lakini huenda kimeharibika. Utajuaje? Shika ncha za sindano mbili kwa vidole vilivyo na jasho kidogo. Namba ikipanda juu, kiko hai. Ikibaki 0, fungua nyuma uangalie betri na waya.

Kuwa hai hakumaanishi kwamba kinasema kweli. Kwa hilo nenda kwa fundi redio wa mtaani umwombe rizista mbili, vile vipande vidogo vya redio vinavyopinga umeme kwa kiasi kinachojulikana: moja ya megaomu 10, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na buluu, na moja ya megaomu 1, yenye kahawia, nyeusi na kijani. Mara nyingi atakupa bure au kwa bei ya pipi. Kama kipima kina makundi ya miti, kiweke kwenye la mbao laini, kisha gusisha miguu miwili ya rizista kwenye sindano mbili. Ile ya megaomu 10 isome karibu na 16, ile ya megaomu 1 karibu na 22. Ukipata kumi za megaomu 10 na kuziunga mkia kwa kichwa, una megaomu 100, na hapo kioo kionyeshe 12 na kitu. Usizishike kwa vidole vya mikono yote miwili wakati unapima, maana mwili wako nao unapitisha umeme na utajipima mwenyewe.

Tofauti ya moja juu au chini isikunyime usingizi. Viwanda havitumii jedwali moja, na kipima kipya kinaweza kuwa na mwendo wake. Lenye faida ni kuandika namba za rizista siku ya kwanza, kisha kuzirudia kila mwezi. Zangu zipo kwenye kipande cha plasta mgongoni mwa kipima. Siku zikihama kwa mbili au tatu, chombo ndicho kimebadilika, mbao hazina kosa.

Namba zinarukaruka mkono ukiwa umetulia

Anza na betri. Vingi vinatumia ile ya mraba ya volti 9, nayo ikichoka haizimi kioo: inaacha kioo kikiwaka huku namba zikipotea. Kisha chezesha sindano kwa kidole, zikitikisika zikaze. Zikiwa na utomvu wa msindano au gundi kavu, zifute kwa kitambaa chenye spiriti. Zikiwa zimepinda au zimekuwa butu, badilisha.

Yakishindikana hayo, tazama ulipochoma. Sindano moja ikiingia kwenye ufa, kwenye fundo la mti, au ikigusa msumari uliozama, namba haitatulia. Na kuchoma kwa woga, ncha tupu ikigusa uso, si kupima. Zizamishe mpaka shina. Kwenye mkongo au mvule mgumu mkono peke yake hautoshi. Toboa vitundu viwili kwa keekee yenye kipande chembamba kuliko sindano, ndipo uzisukume.

Ubao mmoja una namba tatu kwa siku moja

Asubuhi 19, saa nane 15, jioni 13. Fundi anasema kipima kimelewa.

Asubuhi kuna umande, au turubai lilivuja usiku. Sindano zisizo na ganda, yaani chuma kitupu kuanzia ncha hadi shina, husoma pale penye unyevu mwingi kuliko pote zinapogusa, na sindano nzima inagusa ubao kuanzia juu. Uso ukiwa umelowa hata milimita moja, namba yote ni ya uso. Hapo subiri ukauke, au kata kipande upime ndani.

Mchana ni jambo lingine, na hili watu wengi hawalijui: joto la ubao wenyewe linapandisha namba. Vipima vimepangwa kwa joto la nyuzi 20 hivi. Kwa kila nyuzi kumi juu ya hapo, ubao unaonekana mbichi zaidi kwa karibu 1. Ndani ya karakana yenye bati saa nane mchana, ubao wenye nyuzi 32 unaongezewa moja na kitu bila kosa lake. Uliolazwa juani ukafika 50, unaongezewa kama tatu. Kwa hiyo ile 15 ya saa nane na 13 ya jioni zinaweza kuwa unyevu uleule.

Mimi napima jioni, mbao zikiwa zimekaa kivulini tangu asubuhi, kisha napunguza moja. Vipima vichache vina kitufe cha joto. Kama chako hakina, si sababu ya kukitupa.

Kinasema 12, fanicha inapasuka

Huu ndio ugonjwa wangu na meza ya Dodoma, na una vyanzo viwili ambavyo hupenda kuja pamoja.

Cha kwanza ni kiini. Ubao hukauka kuanzia nje, na mnene huweza kuwa na 12 juu na 17 katikati kwa miezi. Ili upate namba inayokaribia wastani wa ubao mzima unaokauka, ncha za sindano zifike kama robo au moja ya tano ya unene wake. Kwenye ubao wa inchi moja hiyo ni milimita 5 au 6, urefu uleule wa sindano za kipima rahisi. Hapo kipima cha bei ndogo kiko nyumbani kwake. Kwenye inchi mbili kinapwaya.

Njia ya kufika ndani bila kununua chombo kingine ni misumari. Chukua miwili ya inchi mbili, ipigilie kwa umbali sawa na wa sindano zako, izame mpaka karibu katikati ya ubao, kisha gusisha sindano moja kwenye kila kichwa cha msumari. Msumari nao husoma penye unyevu mwingi kuliko pote unapopita, kwa hiyo uso ukiwa mkavu, namba unayopata ni ya ndani. Fanya hivyo upande wa chini au kwenye sehemu utakayoikata. Usifanye kwenye kichwa cha ubao. Vichwa hukauka haraka mno na vitakupa habari njema za uongo. Ingia angalau sentimita 30.

Chanzo cha pili ni namba 12 yenyewe. Tumeikariri kama namba ya daftari la uanagenzi, lakini ubao haukariri. Unafuata hewa. Kwenye joto letu, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 inautuliza ubao karibu na 16. Ya asilimia 65, karibu na 12. Ya asilimia 50, kwenye 9. Ya 30, kwenye 6. Masika ya Dar yako karibu na ile ya kwanza, kiangazi cha Dodoma kiko jirani na ya tatu, na ofisi yenye kiyoyozi kuanzia asubuhi hadi jioni ni Dodoma ndogo hata ikiwa Posta, Dar.

Mtiki uliopasuliwa kwa ubapa husinyaa upana kwa karibu asilimia 0.2 kwa kila 1 ya unyevu inayotoka. Meza yangu ilikuwa na upana wa sentimita 90. Kutoka 15 ya Keko, niliyoipata kwa mizani kama nitakavyoeleza chini, hadi 9 ya kwa mteja ni hatua sita, ambazo kwa upana ule ni karibu sentimita nzima. Na mimi nilikuwa nimeibana juu ya fremu kwa skrubu pande zote, kama mtu anayefungia jeneza. Ilikuwa lazima ipasuke pahali.

Nilipanda basi nikaenda na kipima kilekile. Sebuleni kwake kilisoma 9 na 10. Nikafungua skrubu zote, nikaitanua mitobo ya kwenye fremu iwe mirefu kufuata upana wa meza ili skrubu ziteleze, nikaziba ufa kwa kipande chembamba cha mtiki na gundi. Nauli, siku mbili za kazi, na chai ya aibu.

Kwa hiyo kabla ya kukilaumu kipima, uliza fanicha inakwenda kukaa wapi. Kitanda cha nyumba ya Mbagala yenye madirisha wazi kikitoka na 14 hakina shida. Kabati la ofisi yenye kiyoyozi nalitaka 10, likishindikana 11, na mbao zake naziingiza chumbani ndani kwa wiki kadhaa kabla ya kazi. Mninga una nafuu kuliko mingine kwa sababu hausinyai sana, na ndiyo maana wazee walisamehewa mengi.

Huamini kipima: hukumu ya mizani

Hii ndiyo mahakama ya rufaa, na gharama yake ni mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja.

Kata kipande cha unene wa kama sentimita mbili na nusu kutoka ndani ya ubao, mbali na kichwa, kiwe na upana wote wa ubao. Kiwe na uzito wa gramu 200 au zaidi, maana kwenye kipande kidogo kosa la gramu moja linakula hesabu. Kipime papo hapo, andika uzito juu yake kwa penseli. Kisha kiingie kwenye oveni yenye nyuzi 103 hivi, juu kidogo ya mchemko wa maji. Mimi nina jirani anayeoka keki za harusi. Akimaliza, oveni yake bado ya moto, naingiza vipande vyangu na kuvirudisha kesho yake. Toa, pima, rudisha, mpaka uzito ukatae kushuka. Mara nyingi ni saa 24 za moto kwa jumla.

Kipande kimoja cha meza ile kilikuwa na gramu 236, kikaishia 205. Maji yaliyotoka ni 31. Gawanya 31 kwa 205, si kwa 236, upate 15. Ukigawanya kwa uzito wa awali utapata 13 na kujipongeza bure. Kosa hilo nimelikuta hata kwa mtu mwenye cheti.

Ukifanya hivi kwa vipande vitano vya mti mmoja, huku kila kimoja umekipima kwa sindano kabla ya oveni, unapata tofauti ya kudumu ya kipima chako kwa mti huo. Iandike mgongoni mwake. Sasa una kipima kilichopimwa, na kimekugharimu mizani na urafiki wa jirani.

Mbao zilizotiwa dawa usizipeleke kwenye oveni ya chakula. Hilo sina mzaha nalo.

Mbao za dawa, boriti na mbao za jahazi zinasoma juu siku zote

Mbao za paa kutoka Mafinga zenye rangi ya kijani-kijani zimepewa dawa, na nyingi ni ile ya shaba, kromiamu na aseniki. Chumvi za madini hayo zinapitisha umeme, kwa hiyo kipima cha sindano kinaona maji yasiyokuwepo. Unaweza kusubiri ishuke mpaka uchoke. Kwa mbao hizi usifuate namba, fuata mwendo: chagua ubao mmoja, upime uzito kila wiki, uandike ukutani. Uzito ukisimama wiki mbili tatu mfululizo, umekauka kwa hewa ya hapo.

Hali ni hiyohiyo kwa boriti za mikoko na kwa mbao za majahazi ya zamani zinazogeuzwa meza na viti Lamu na Unguja. Chumvi ya bahari imelala ndani yake miaka. Kipima kikikuambia 25 kwenye ubao wa jahazi uliokauka kama mfupa, kinapima bahari.

Vipima viwili havipatani

Rafiki yako ana kile kisicho na sindano, unakibandika tu juu ya ubao. Chako kinasema 12, chake 17. Vyote vinaweza kuwa vizima.

Kisicho na sindano kinatuma mawimbi ya umeme ndani ya ubao, kwa kawaida kama sentimita mbili, na kusoma kila kinachokutana nayo. Maji yanaonekana, lakini uzito wa mti wenyewe pia unaonekana. Mti mzito unasoma juu kwa sababu tu ni mzito. Kimepangwa kwa mbao nyepesi kama msindano? Kiweke kwenye mpingo, mti unaozama majini hata ukiwa mkavu, na kitakuambia umetoka kukatwa jana. Vilivyo vizuri vina sehemu ya kuingiza uzito wa mti unaoupima. Vya bei ya chini vina "laini" na "mgumu" tu, na kati ya mninga na mpingo kuna safari ndefu ndani ya neno hilo "mgumu".

Halafu angalia kilicho chini. Ubao mwembamba ukilazwa juu ya meza ya chuma au juu ya rundo la mbao mbichi, chombo kinapima na vya chini. Uinue juu ya vipande viwili, hewa ipite. Uso usiopigwa randa nao unadanganya, sasa kwa upande wa chini, kwa sababu bamba haligusi vizuri.

Cha sindano nacho kina tatizo la aina ya mti, ila ni dogo zaidi. Tafuta kwenye kijitabu chake orodha ya miti na makundi. Majina yetu hayamo, lakini miti imo kwa majina ya sokoni Ulaya: mvule utaukuta kama iroko, mkongo kama afzelia, mkangazi kama khaya, mtiki kama teak, na mninga mara nyingine kama muninga. Weka kundi ulilokuta. Ukikosa, rudi kwenye mizani.

Kinasema 45, wiki ijayo 60

Ubao mbichi. Juu ya 30 au karibu yake, kuta za nyuzi za mti zimeshiba, na maji ya ziada yanakaa kwenye matundu tu. Umeme haubadiliki kiasi cha kupimika kwa uhakika, kwa hiyo 45 na 60 ni neno moja: bado. Panga na vijiti katikati, acha hewa ipite, rudi ikishuka chini ya 28. Muuzaji anayekuonyesha kwamba mbao zake zina 38 na za jirani 52 hajakuambia kitu.

Ukiamua kununua

Kwa karakana inayofanya kazi na mbao za inchi moja hadi moja na nusu, nunua cha sindano cha bei ndogo. Hapa Dar bei yake inazunguka kwenye mifuko michache ya saruji. Masharti yangu ni machache. Sindano ziwe za kufungua na paketi ije na za akiba, maana zitavunjika kwenye mti mgumu wa kwanza. Kijitabu kiwe na makundi ya miti, hata manne. Kisome kuanzia 6. Kofia yake iwe na vidoti viwili vya chuma vya kujaribia, na kijitabu kitaje namba inayopaswa kutokea ukigusisha. Betri iwe ya aina unayoipata duka la Mangi usiku.

Usilipie zaidi kwa sababu kioo kinaonyesha 12.4 badala ya 12. Chombo chenye kosa la 2 huku na huku kinachoandika sehemu ya kumi kinapamba tu. Wala kwa kufika hadi 99.

Kisicho na sindano kina maana ukipima vitu vilivyokwisha pakwa vanishi, sakafu, milango ya mteja, au mbao mia mbili kwa asubuhi moja bila kuacha tundu. Hapo kusanya hela ununue chenye sehemu ya uzito wa mti, au usinunue kabisa. Kile cha nyundo, chenye sindano ndefu zilizovikwa ganda mpaka nchani, ni cha mtu anayenunua mbao za inchi mbili na tatu kwa lori, akalipa kwa kutegemea ukavu. Wagner, Delmhorst na Lignomat ni majina yenye heshima huko juu, na bei zao zinajua hivyo.

Dukani usikubali kupimiwa ubao wa muuzaji. Nenda na rizista zako mfukoni, zile mbili za fundi redio. Omba vipima vitatu vya aina moja, vigusishe kimoja kimoja. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo viwili vilisoma 16 na kimoja 21, vyote vikiwa ndani ya maboksi yenye picha moja. Muuzaji akanitazama, akakirudisha kile cha 21 kwenye rafu.

Nilimwomba akiweke pembeni. Akasema, "Fundi, kila kitu kina mteja wake."